Saba Iliyokatika Mguu

Boneti ya Pijo haitaki pupa.
Iwekee kiganja, iinue, sikiliza bawaba.
Gari hili limelala banda la kuku, Kiboriloni,
miaka kumi na miwili,
na manyoya bado yamo juu ya betri.

Mama Eliaichi amesimama na kadi,
imekunjwa mara nne hadi mikunjo imekula herufi.
Bwana Kivuyo amekuja na lenzi kutoka Arusha.
Anataka kujua jambo moja tu:
injini hii ilizaliwa na gari,
au ni ya kambo?
Kama ilizaliwa nalo, bei ile. Kama sivyo, nusu.
Na mama ana nyumba ya kuezeka kabla ya masika.

Mimi niko chini, tochi mdomoni.

Grisi ya zamani haifutwi, inachimbwa.
Bisibisi kwanza, kisha mafuta ya taa,
kisha brashi ya waya, polepole,
kama unayemnawisha mtoto aliyesinzia.
Chini ya rangi ya fedha kuna nyeusi,
chini ya nyeusi kuna chuma,
na kwenye chuma zikaanza kutoka, moja moja.

Nasoma mimi, anaitikia mama,
kama rozari ya jioni.
Mbili. Mbili.
Sifuri. Sifuri.
Tano, moja, nane.
Saba.
Saba, anasema mama, na kadi inatulia mkononi.
Bwana Kivuyo anapiga picha, anawachekea hata kuku.

Lakini ile saba.

Ile saba haina kisigino.
Mguu wake umekatika kabla ya kufika chini
na mimi namjua aliyeukata.

Themanini na nne, karakana ya Gurdit,
nyuma ya stesheni ya Moshi, upepo ukituletea
vumbi la maganda kutoka kiwanda cha kahawa.
Nilikuwa na miaka kumi na sita,
kazi yangu kushika taa na kutumwa chai.
Mihuri ya namba ilikaa kwenye kisanduku cha mbao,
sifuri hadi nane.
Tisa haikuwepo; tisa ni sita iliyopinduliwa.
Nikaidondosha saba kwenye zege.
Kofi nililipata siku ileile,
saba mpya haikupatikana.
Mwaka ule hata sabuni tuliipangia foleni.

Injini ililetwa usiku kwa trekta
kutoka shamba moja la juu, chini ya magunia.
Tupa ikala namba yake.
Nyundo ikaipa nyingine, iliyosomwa kwenye kadi,
kadi hii hii, wakati huo haina mkunjo.
"Hujaona kitu," akasema Gurdit.
Na kweli. Nilimulika tu.

Sasa natoa kioo kidogo mfukoni,
nakipitisha ubavuni, karibu na bomba la maji,
mahali ambapo lenzi haifiki.
Pale kuna namba nyingine, ndogo, imevimba.
Hiyo haikugongwa,
ilimwagwa pamoja na chuma kikiwa uji.
Namba ya kugongwa humtii mwenye nyundo.
Namba ya kumwagwa inakumbuka moto.
Hii inakumbuka sabini na moja,
na kadi inasema gari liliingia nchini sitini na saba.

Bwana Kivuyo analamba kidole, anahesabu.
"Fundi, ndiyo yenyewe?"

Nilimpa kioo mama, si yeye.
Nikamwelekeza kwa Kichaga, kwa sauti ya kuomba spana,
na ile saba nikamweleza,
na ni nani aliyeshika taa.

Alipiga magoti kwenye mafuta na kitenge chake kizuri.
Akatazama muda mrefu.
Nilimsikia akitaja jina la marehemu,
si kwa hasira, si kwa huruma,
kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Akasimama, akanirudishia kioo,
akakung'uta magoti.

"Mwambie," akasema.
"Tutaanza kuezeka upande wa jikoni."