Ngazi ya Tisa

Wenye shamba wamenituma niipime.
Futi kamba, penseli, daftari la mraba,
na Ndelilio wa kunishikia ncha ya pili.
Lyamungo, Jumatatu, ukungu bado umelala mibunini.

Paa kwanza: limesimama mno,
lilichorwa na mtu aliyekumbuka kwao, limwage theluji.
Theluji ya hapa haishuki, inabaki Kibo kwake,
basi bati limemwaga mvua tu, miaka mia na ushei,
mvua na majani ya mgrivea.

Chini ya ukingo mbao zimetobolewa tobo tobo
kama vitambaa vya kufuma vya juu ya makochi.
Dirisha la sebule limetoa tumbo nje,
vioo vya zamani, vina mawimbi;
ukichungulia humo mibuni inaogelea.
Dohani mbili. Meko manne ya mawe ya mto
katika nyumba ambamo haikuchemshwa hata chai:
jiko lenyewe liko kule, ng'ambo ya ua,
hatua arobaini na moja,
ili moshi usizoeane na wenyewe.

Naandika. Nafuta. Naandika.

Kisha nampigia mama simu, Kibosho.
Alizisugua sakafu hizi tangu kigori
hadi mwaka mashamba yalipotaifishwa.
"Mama, ngazi za ndani ni ngapi?"
Hakufikiri. "Kumi na saba. Ya tisa inalia.
Asubuhi tuliiruka, bibi asiamke."

Nikapanda nikihesabu. Ya tisa ikalia.

Akaendelea, wala sikumwuliza:
ubao wa nne toka mlangoni una jicho,
hapo nta hunywewa, usikazane na kifuu, papasa tu;
chumba cha mtoto kimeinama upande wa mlima,
gololi zake zote zilikimbilia kona moja.
Sina gololi. Nikachuma buni mbivu, nikaiweka sakafuni.
Ikaenda.

Nyumba hii mama aliijua kwa magoti.

"Na dari, mama? Dari la sebule?"
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
"Dari," akasema, kama aliyeulizwa habari za Ulaya,
"hilo silijui. Hebu niambie wewe."

Nikalala chali kwenye ubao wa nne,
Ndelilio akidhani nimezimia,
nikamsomea: mbao nyembamba za mvule, zimeumana,
katikati ua la plasta, ndoana tupu ilipokuwa taa,
majani manane.
"Manane?"
"Saba. La nane lilidondoka."

Nikamsikia anavuta kiti.
"Kumbe lilikuwa jani," akasema.
"Nilifagia vipande vyeupe chini ya meza,
nikakatwa mshahara wa sahani."

Daftari lina safu ya urefu, ya upana, ya kasoro.
Ndelilio anauliza kama aikunje futi kamba.
Ngoja, nikamwambia.
Nikachora mstari mwingine pembeni.