Saa Iliyochipua

Anyelwisye, mchora vibao vya saluni hapa Tukuyu,
usiku hachori alichoagizwa.
Juzi kachora saa ya ukutani
imelala uvunguni na viazi vya mbegu,
imechipua macho.
Macho meupe, marefu, yanatafuta mlango.

Mshale uko kwenye moja, sisi tunasoma saba:
tangu utoto tunaishi na saa
inayosema hivi, tukasikia vile.
"Nami nimechora hilo tu," anasema,
akifuta brashi kwenye suruali.

Pembeni mama yake anachuma chai
ndani ya chumba kisicho na paa;
kikapu kinajaa ukungu,
naye ni mdogo kuliko mwanawe.
Tulimzika tukiwa darasa la nne.
Hakumwita. Kaja mwenyewe,
mkono ulipoanza kusinzia.

Mwenye saluni akafuata kibao chake,
akasahau kukidai.
"Mbona saa haina namba?"
"Zimeenda kupandwa."

Nikarudi nyumbani, baridi ya Julai inang'ata masikio,
nikapiga magoti kando ya kitanda,
nikainua shuka —
sijui nilitafuta nini.

Kitu kilinikonyeza.