Kiganja Juu ya Boneti

Niliiamsha saa kumi na moja, Karina yangu,
ikohoe kikohozi chake chote
kabla mnunuzi hajafika.
Kufika saa mbili, gia ya pili inaingia
kama kisu kwenye parachichi.

Nabintu hakuuliza bei.
Aliweka kiganja juu ya boneti,
akanitazama.
"Umeipasha. Nitarudi kesho, ikiwa bado imelala."

Alfajiri, Bukavu yote ndani ya ukungu wa ziwa,
tukaupanda mlima wa Muhungu.
Ikatetemeka, ikatema moshi mweupe,
usukani mzito, gia ya pili ikakataa katakata
hadi nusu ya mlima.
Mimi jasho, na baridi ile!

Yeye anacheka.
"Hii ndiyo nitakayoishi nayo,"
akaanza kuhesabu dola
juu ya boneti iliyoanza, taratibu,
kupata moto.