Bila

Mama wa kibanda cha kwanza, pale Kabwe,
nilimuuliza kama maharage yana nyama.
Akacheka. "Nyama haimo, baba. Ni mchuzi wake tu."
Nikaushukuru mchuzi, nikaondoka.

Cha pili, mboga ya majani:
chainizi iliyokatwa nyembamba kama uzi,
na juu yake dagaa wanne wamekodoa macho.
"Hao unawasogeza tu na kijiko."
Nikawasogeza. Wakakaa ukingoni mwa sahani
kama wapangaji waliopewa notisi.

Cha tatu hawakuniuliza kitu. Walinipa pole.

Mwezi mzima Mwanjelwa inanitafutia ugonjwa.
Gauti, alisema muuza vocha.
Presha, akasahihisha mkewe.
Kinyozi Ambakisye alikata shauri kuwa mimi Msabato,
na Ijumaa jioni akanipunguzia mia tano
akinitakia Sabato njema. Nilipokea.
Fundi viatu alininong'oneza, sindano ikiwa mdomoni:
mganga gani kakupa mwiko huo, na umekusaidia?
Kijana wa chipsi ndiye aliyehitimisha:
"Mzee hana hela."
Akaniongezea kachumbari ya bure,
nikaila yote.

Kweli yenyewe ni ndogo, ndiyo maana siisemi.
Kazi yangu ni kuandika uzito wa malori
barabara ya kwenda Tunduma.
Usiku mmoja wa mwezi wa sita,
baridi ile ya wino kugoma kwenye kalamu,
lori la ng'ombe lilipanda mizani.
Niliposogea kusoma namba
mmoja akatoa pua katikati ya mbao
akanipumulia mkono.
Mvuke. Joto.
Vidole vikakunjuka, nikaandika:
tani kumi na tisa na nusu.
Basi. Sikulia, wala sikuokoka.
Asubuhi ikaletwa supu, nayo inatoa mvuke,
na mkono ukakataa kushika kijiko.

Kwa Tusekile ni nyuma ya soko,
banda la mabati, meza mbili, benchi lenye mguu wa tofali.
Nilifika na mvua ya Mbeya, ile isiyo na haraka.
"Huli kabisa?"
Kabisa.
"Hata kuku?"
Hata kuku.
"Mayai?"
Mayai bado tunazungumza.

Hakunipa pole. Aliinama akapuliza moto,
akasema huku amenipa mgongo:
"Kwetu Isongole tulikula viazi na majani ya maboga,
majani ya maboga na viazi,
Krismasi hii mpaka Krismasi ile.
Hakuna aliyetuuliza sababu.
Hakuna aliyetutafutia jina."

Nilitazama mikono yangu.
Moshi ulikuwa unatafuta mlango, haukuupata.
Nilitaka kumwambia habari za lile lori,
zile tani, ile pua,
nikaona ni hadithi ya mtu aliyeshiba.

Akaja na sahani:
wali wa Kyela, njegere zimeungwa kwa karanga,
nusu parachichi ameipasua kwa mkono
na alama ya dole gumba lake bado imo.
"Kula. Njaa ya kuchagua nayo ni njaa."
Sikujua kama ananitania.
Mpaka leo sijui.

Wiki iliyofuata, ubaoni, kwa chaki,
chini ya wali nyama, wali maini, wali samaki,
kulikuwa na neno moja: BILA. 1,500.
Kama matokeo ya mpira ambayo timu zake hazikutajwa.

Dereva wa bodaboda akasoma, maji yanamchuruzika.
"Bila nini, mama?"
"Bila."
Akahesabu sarafu, akavua kofia ngumu,
akanitazama mimi na sahani yangu,
akasogeza benchi. Tofali likalalamika.

"Nipe bila moja, basi. Na pilipili."