Silikoni ya Kijivu

Wamelileta Jumatatu kabla ya saa mbili,
limefungwa kamba nyuma ya trakta ya Barng'etuny,
vumbi la Solai bado limelala kwenye kioo
na namba kumi na saba, ya karatasi,
imebanduka pembe moja mlangoni.
Jana lilikuwa linakata kona.
Leo linasukumwa na wavulana watatu
na mbwa wa gereji hajainuka hata kulinusa.

"Limenoki," akasema Tanui, mwenye gari,
kwa sauti ya mtu anayetaja msiba wa jirani.
Ngoja, nikamwambia. Kunoki ni neno la barabarani.
Hapa Viwandani hatuziki kabla ya kupima.

Lilianza vipi?

Mzunguko wa sita, anasema. Kona ndefu ya kushoto,
ile inayokumbatia shamba la mkonge.
Taa nyekundu ikapepesa, ikazimika;
akadhani ni jua.
Mzunguko wa saba: ko, ko, ko,
kama mgeni mwenye adabu.
Wa nane, mgeni hakubisha. Alivunja mlango.

Nikafungua nati ya oili.
Ikatoka nyeusi, nyepesi kama chai ya mkopo,
na ndani yake nyota.
Nikaichuja kwa kipande cha leso kuukuu,
nikapitisha sumaku juu: haikuokota kitu.
Basi si chuma. Ni beringi,
yale maganda membamba kama kucha,
yamesagwa yakawa pambo la arusi.

Plagi nne mezani, moja imepondwa ncha.
Geji: mia na sitini. Mia na sitini na tano.
Mia na hamsini na nane.
Silinda ya nne, mshale haukujisumbua.
Chini ya bloku nikakuta tundu
ambalo sarafu ya shilingi ishirini ingepita bila kuinama,
na konrodi inachungulia humo
kama kiwiko kilichotoboa sweta.

Hapo nikaanza mahubiri.
Nikamnyoshea Tanui kidole chenye grisi:
oili hukimbilia upande mmoja kwenye kona,
pampu inanyonya hewa, na wewe unakanyaga tu,
unakanyaga, kama shetani amekukopesha petroli!
Akainamisha kichwa. Mitamba miwili aliiuza Njoro
kununua turbo ile. Akasema, "Kosa langu, fundi,"
akaenda kututafutia chai.

Nafuna alikuwa chini ya gari, anashusha sampo.
Mwaka wake wa kwanza, na mikono haitetemeki.
Sikusikia akiniita.
Alitoka tu, kwa mgongo, taratibu,
akaniwekea kichujio kiganjani.

Wavu wote umezibwa.
Nyuzi za kijivu, zimejisokota kama tambi za jana.
Silikoni.

Aprili. Stima zimepotea mtaa mzima,
tochi iko mdomoni, mvua inapiga mabati,
na mimi nabandika sampo hii hii,
naminya tyubu, naminya tena:
ya ziada haidhuru.
Ya ziada iliingia ndani. Ikakauka, ikakatika,
ikasafiri miezi mitano hadi kooni pa injini
kisha ikangoja kona ya kushoto.

Kibaba cha petroli kiko hapo, kando ya goti langu.
Dakika moja ya kusuuza, na wavu unang'aa,
na kosa linabaki pale lilipojikubali lenyewe.
Nafuna anafuta spana ambayo ni safi.
Anaifuta tena.
Upepo unashuka Menengai na harufu ya mvua.

Tanui anarudi, vikombe vitatu juu ya trei ya plastiki,
anatembea kwa uangalifu asimwage,
yeye ambaye jana hakujua breki.

Tanui, nikaita.
Weka chai chini.
Vaa miwani yako, uje.