Ritifaa Mbili

Nachora mabango Kirumba, ubavuni mwa mashine ya unga.
Herufi moja mia tano.
Ukitaka na kivuli chake, ongeza mia mbili.

Holo Nkwabi alikuja na karatasi ya daftari
ameikunja mara nne, kama dawa ya unga.
Anataka bango la saluni, kwa Kizungu,
wateja wake wasichana wa chuo,
na jina liwe la mdogo wake, Ng'washi,
aliyeianza kwa kiti kimoja
na kioo chenye ufa.

Akahesabu kwa kidole.
"Herufi nalipa. Na hivi vijikia viwili huku juu?
Si rangi imedondoka tu?"

Nikamwambia, cha kwanza ni cha kwetu.
Kinaishika g shingoni isipige kelele.
Kiondoe: ulikuwa unang'oa magugu,
mara umebaki na ngoa.

"Kwenye kitambulisho hawakukiweka," akasema.
"Hospitali wakaita Ngwashi, Ngwashi, mara tatu.
Hatukuinuka.
Tulidhani ni mtu mwingine."

Mashine ya unga ilisaga debe zima
kabla sijapata la kusema.

Cha pili, nikasema, cha kuazima.
Mwalimu Tungaraza alitufundisha: kimetoka kwa Wayunani,
na kwao jina lake ni kugeukia kando.
Wafaransa wakakichukua, wapiga chapa wa London wakakipenda,
wakakipachika pale irabu ilipomezwa.
Maana Mwingereza humeza, mama.
Hula irabu katikati ya neno
akaacha mwiba ukingoni mwa sahani,
kama sisi na sato.
Hata hapa pa kumiliki palikuwa na e, zamani.
Imeliwa. Mwiba ndio unaosema:
hiki ni cha fulani.

"Kwa hiyo alama hiyo hiyo," akasema Holo,
"inasema kitu hakipo,
na inasema kitu ni chake."

Nikaitikia, ndiyo,
mimi ambaye miaka kumi na tisa sikuwahi kuliwaza hilo;
mimi ambaye bango la nyanya pale Mlango Mmoja
nililitia ritifaa kwenye wingi, bila sababu,
kwa kuwa nafasi ilikuwepo
na brashi ilikuwa na rangi.

Jioni wadudu wa ziwa wakaja kama moshi toka Saa Nane,
wakaganda kwenye rangi mbichi.
Kila herufi ikapata kijikia, hata zisizomiliki kitu.
Nikawang'oa kwa kibanio, mmoja mmoja,
taa ya simu mdomoni.
Bawa moja limebaki ndani ya h.
Ukisogea utaliona.

Holo alilipa herufi zote,
akalipa na kijikia cha kwanza, mia tano kamili,
noti na sarafu.
Cha pili akasema ataleta Ijumaa.

Ijumaa ngapi zimepita.
Napita pale kununua vocha,
natazama juu,
simdai.