Daraja la Tatu

Tiketi zilikuwa za kadibodi, nene, fupi kama kidole gumba.
Nilizipiga tarehe kwa mashine ya chuma: tak.
Mpaka leo nikifunga komeo la jikoni usiku, tak,
nasimama gizani, nahesabu.

Saba.
Niliuza saba usiku ule, stesheni ya Londiani,
saa nane na robo, baridi ya kung'oa masikio,
na mvua juu ya mabati ikiwa na siku yake ya kumi na moja.
Wote daraja la tatu, wote Kisumu.

Wawili siwakumbuki. Nimejaribu.
Nakumbuka mikono tu ikipita chini ya nondo za dirisha,
mmoja una pete ya shaba.

Pilista Nyakoa namkumbuka kwa sababu tiketi hakupata.
Gunia la viazi mgongoni, sarafu kwenye fundo la leso,
tukazihesabu mara mbili: zilipungua senti hamsini.
Nikamwambia, "Shirika halikopeshi, mama."
Akaniapiza kwa Kijaluo, kisha, nisije nikakosa kuelewa,
akarudia kwa Kiswahili:
"Mungu naye akupunguzie hivyo hivyo."

Nyuma yake alisimama Jotham Kirwa,
sanduku la mbao limefungwa kwa waya,
barua ya kuitwa kazi imekunjwa hata mikunjo imetoboka.
Yeye alipungukiwa shilingi nzima.
Sijui. Labda ni viatu,
vya kuazima, vikubwa, vimejazwa magazeti mbele ili visipwaye.
Nikatia mkono mfukoni, nikamjazia.
Akaniita baba.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kulipokucha, simu kutoka Muhoroni iliuliza mara tatu
gari letu liko wapi.

Tulishuka kwa kiberenge, watu watano, hakuna aliyesema.
Daraja lilikuwa limekwenda na maji,
na mabehewa ya mbele yamelifuata,
moja limesimama wima topeni kama mtu aliyeitwa jina lake.
Kwa Kiswahili chetu daraja ni lile unalovuka
na daraja ni lile unalolipia.
Sikuwahi kuliona hilo kabla ya asubuhi ile.
La kwanza lilibaki juu ya reli, mapazia yamefungwa.

Nilikiona kiatu kimoja majanini.
Gazeti ndani yake lilikuwa bado kavu.

Wakubwa wa uchunguzi waliniita Nakuru.
Waliniuliza kama mahesabu ya usiku ule yalilingana.
Yalilingana. Senti kwa senti.

Miaka arobaini na minne.
Nyasi zilifunika reli, zikafyekwa, zikafunika tena.
Pilista huja kila mwaka, mvua zikianza,
na debe la viazi na jina alilonipa: Mwokozi.
Hunywa chai, huicheka laana yake ya zamani,
huwaambia majirani, "Ugumu wa mtu huyu ndio uhai wangu."
Mimi humenya viazi.
Habari ya shilingi sijampa.

Mwaka huu magoti yamemkatalia, akamtuma mjukuu,
Odera, mrefu, mpole, suruali imemfupikia.
Aliweka debe chini, akazungukazunguka,
akatazama mlango, mwisho akasema:
"Babu, nauli ya kurudi imepungua kidogo."

Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati.
Pesa nilikuwa nazo. Ninazo.
"Hamsini tu," akasema.
Mkono ulikuwa umekwishaingia mfukoni,
ukazishika, ukakaa humo.
"Lala hapa," nikamwambia. "Viazi ni vingi."